Mtandao na Mtandio

Jamani, leo nimeadhirika. Si kule kuadhirika kwa kujikwaa Darajani mbele ya wauza samaki. Hapana. Nimeadhirika mbele ya nchi kumi kwa mpigo, moja kwa moja, wataalamu wameshika kalamu. Nawaandikia nikiwa nimejifungia chumbani kwangu Chukwani, simu nimeitia kimya na chai imeshapoa.

Ngoja nianze mwanzo, maana wengine humu hamjui hata kazi ninayofanya. (Mama yangu naye hajui, lakini anaieleza kwa kujiamini.)

Mimi ni fundi wa kipimo. Kizimbani, nyuma ya mashamba ya viungo, kuna ghala la zamani la karafuu ambalo chuo chetu kimeligeuza kituo. Ndani mna kipimo kimoja tu, na kazi yake ni kutafuta maada ya giza. Wanasayansi wanasema ulimwengu umejaa kitu kisichoonekana. Nyota zinazunguka kana kwamba kuna kitu kinazivuta, ukitazama huoni kitu. Basi wameweka vipimo kama chetu sehemu nyingi duniani, wakaviunganisha kuwa mtandao, wanasubiri. Kipimo kimoja kikishtuka peke yake, ujue limepita lori. Vikishtuka viwili au zaidi kwa mpangilio, huenda giza lenyewe limepita ndani ya dunia.

Mama akiulizwa na majirani hujibu, "Zuhura anatafuta giza." Siku moja akanikalisha kitako. "Mwanangu, watu wote wanalikimbia. We walitafuta la nini?"

Kipimo chenyewe ni kichupa cha kioo chenye mvuke, kinamulikwa kwa leza, na kimefunikwa kwa maganda manne ya chuma maalumu, moja ndani ya jengine kama masufuria ya biharusi. Kinachosikia ni sumaku, hata iwe ndogo namna gani. Kwa hiyo mlangoni nimebandika tangazo kwa mkono wangu mwenyewe: CHUMA HAKIPITI HAPA.

Na mimi kwenye hilo tangazo nilikuwa mkali, si mchezo! Bosi wangu, Dokta Haji, anaacha funguo nje. Bi Time, anayetuletea chai kutoka shambani, nimemrudisha na chupa yake mara mbili. Alikuja afisa kukagua, nikamvua mkanda, akakagua kituo kizima huku ameishika suruali kwa mkono. Mlinzi wetu, Mzee Mcha, nimemnyang'anya panga, tochi na redio.

"We mwanangu," akaniambia, "sasa mwizi akija nimpige kwa nini?"

"Kwa maneno, mzee wangu."

Nilijiona nimejibu. Mzee wa watu akaenda kukaa nje mikono mitupu.

Sasa, miezi miwili iliyopita yalitokea mambo mawili madogo. La kwanza, paa lilivuja. Maji yakawa yanadondoka karibu na kipimo, tukakisogeza mpaka kikakaribiana na ukuta wa mbao nyembamba unaotenga chumba cha kipimo na kijichumba changu cha kazi. La pili, wifi yangu alirudi kutoka Maskati na zawadi. Aliniletea vile vibanio vipya vya mtandio visivyotoboa nguo: kidude kimoja juu, kimoja chini, vinashikana vyenyewe. Nilifurahi kupita kiasi, maana pini zilikuwa zishanichoma kidevu mpaka nikazichukia.

Wiki hiyo hiyo kipimo kikaanza kushtuka.

Mara mbili kwa siku! Saa sita na kitu mchana, kisha saa tisa na kitu. Mstari kwenye kompyuta unapanda ghafla, unakaa juu kama robo saa, halafu unashuka. Mwenzangu wa zamu yuko masomoni, kituo nakaa mimi siku zote saba, na siku zote saba nikauona. Tena saa zake hazikuwa zile zile. Zilikuwa zinasogea pole pole, dakika moja leo, dakika nyengine baada ya siku kadhaa.

Nikamkimbilia Dokta Haji. "Dokta, hii si mashine! Mashine inafuata saa. Hiki kinafuata jua!"

(Mimi. Binti wa Kiislamu, niliyetiwa chuoni kusoma Kurani nikiwa na miaka minne. Nimeyasema haya kwa mdomo wangu huu.)

Tukapeleka taarifa kwenye mtandao. Siku ya tatu likaja jibu la Dada Nurul, anayeshika kituo cha Malaysia. Na kwake kipo! Vile vile, mara mbili mchana, ila kama saa nne kabla yetu. Maana yake kuna kitu kinatoka mashariki kinaelekea magharibi, kila siku, kwa utaratibu. Profesa Otto, Mjerumani anayeongoza mtandao mzima, alituandikia ujumbe wenye alama tano za mshangao. Huyo ni mtu ambaye ukimpongeza kwa kupata mjukuu hujibu "Asante" na nukta.

Siku moja ishara ilikaa juu dakika arubaini. Profesa aliizungushia rangi ya dhahabu kwenye mchoro wake. Mimi siku hiyo naikumbuka vizuri. Nilikuwa nimekaa kwenye mswala kwa muda mrefu namwomba Mungu atupe ishara, mpaka machozi yakanitoka. Nilipoinuka nikakuta ishara ndefu kuliko zote. Nikasema, alhamdulillahi, dua imejibiwa hapo hapo.

Halafu kulikuwa na siku za kupotea. Siku sita, hakuna kitu, mstari umelala. Kikarudi. Baada ya wiki tatu na ushei kikapotea tena siku sita, kikarudi. Malaysia nako kilipotea na kurudi, lakini kwa wiki nyengine. Hapo ndipo Profesa Otto alipopata nadharia yake, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kuitangaza kwenye mkutano.

Muelewe uzito wa mkutano huo. Kabla ya ishara, mtandao ulikuwa unataka kutufunga. Paa linavuja, umeme unakatika, data zetu zimejaa uchafu. Kikao cha leo ndicho kilikuwa cha kuamua kama kituo cha Kizimbani kinabaki, au kipimo kinatiwa kwenye masanduku na mimi narudi nyumbani kumsaidia mama kukuna nazi. Na mama alikuwa ameshaitangazia Chukwani nzima kwamba giza limepatikana, tena limepatikana na bintiye.

Basi saa nane mchana tukawa watatu kijichumbani kwangu mbele ya kompyuta: mimi, Dokta Haji ndani ya koti zito, na Mzee Mcha. Mzee aliitwa makusudi. Profesa alitaka kumuuliza mlinzi kama kuna mashine yoyote inayowashwa karibu na kituo kwenye zile saa. Dokta akawa mkalimani.

Profesa akaanza kwa mchoro. Juu yake amechora mwezi, mzuri, wa duara.

"Ishara ya Kizimbani inapotea siku sita," akasema. "Inarudi. Siku ishirini na nane tangu ilipoanza kupotea, inapotea tena. Marafiki, huu ni mzunguko wa mwezi. Na kwa hesabu zangu, itapotea tena kuanzia leo. Mchana wa leo tayari haikuonekana!"

Nchi kumi zikapiga makofi. Na mimi nikapiga. Jamani, nilipiga makofi kwa mikono yote miwili.

Mtu mmoja akauliza mbona Malaysia inapotea kwa wiki tofauti. Profesa akafikiri kidogo. "Huenda," akasema, "kila kituo kina mwezi wake."

Nikamwona Dada Nurul kwenye kioo cha kompyuta anashika kidevu na kutazama chini. Nilidhani amechoka.

Ikafika zamu ya Mzee Mcha. Akapewa karatasi ya saa zote za ishara. Akaiweka mbali na macho, akaileta karibu, akaipitia kwa kidole.

"Dokta," akasema, "hizi saa mie nazijua."

"Wazijua vipi, mzee?"

"Hizi adhana zangu."

Sikuwaambia: Mzee Mcha mchana ni mlinzi wetu, na pia ndiye muadhini wa kimsikiti kilicho hapo jirani. Zamu yake ya ulinzi huikatisha dakika tano, akaadhini, akarudi.

"Hii adhuhuri. Hii alasiri," akaendelea. Kisha akagusa saa moja ambayo Profesa aliizungushia nyekundu, kwa sababu ilichelewa dakika kumi na moja na sayansi imeshindwa kueleza. "Na hii hapa, siku hiyo mbuzi wa Bi Time kaingia kitalu cha hiliki, nkenda kumtoa. Nkachelewa kuadhini."

Dokta akatafsiri.

"Mbuzi?" akauliza mtu wa nchi ya tatu.

"Mbuzi," Dokta akathibitisha.

Profesa akashtuka. Kumbe msikitini kuna kipaza sauti, na kila kipaza sauti kina sumaku ndani! Nikaona nyuso zote zinanywea. Miezi miwili, kumbe spika!

Lakini Profesa si mtu wa kukata tamaa. "Muulize mzee. Zile siku ambazo ishara ilipotea, aliadhini?"

"Wallahi sikuacha hata moja," akasema Mzee Mcha, amekasirika kidogo. "Na spika nzima kabisa."

Profesa akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Spika inalia, ishara haipo. Basi si spika. Akauliza alasiri bado muda gani. Bado nusu saa. "Tusubiri tuone wote kwa macho," akasema. "Mzee aadhini. Na kila mtu hapo kituoni afanye kama anavyofanya kila siku. Msibadilishe kitu hata kimoja."

Tukasubiri. Nchi kumi zimekaa zinaniangalia mimi na ukuta wangu wa mbao. Nikawa najifanya nasoma karatasi. (Ilikuwa risiti ya vocha.) Mzee Mcha akatoka, na muda ulipofika tukamsikia. Ana sauti nzuri, Mungu amuhifadhi. Mtu mmoja kwenye kioo akafumba macho kusikiliza.

Mstari umelala. Dakika tano, umelala. Dakika kumi, umelala.

"Haipo!" Profesa Otto akaruka kitini. "Adhana imelia, ishara haipo! Ni mwezi! Kesho naandika waraka, dunia nzima isome! Na Kizimbani hakifungwi. Kizimbani kitakuwa kituo kikuu cha Afrika!"

Dokta Haji akafuta macho kwa ncha ya tai. Kisha, kwa ile furaha yake, akanigeukia mbele ya kamera. "Bi Zuhura, mbona umekaa? Adhana ishapita. Nenda kasali, ufanye kama kila siku, wasije wakatwambia tumebadilisha kitu."

Nikanyanyua macho, yakatua kwenye msumari.

Msumari huo uko kwenye ule ukuta wa mbao. Kila siku ikiadhiniwa navua mtandio, nautundika pale, na vibanio vya wifi vinajinatia vyenyewe kwenye msumari. Natia udhu, najifunga kanga zangu za kusalia, nasali, kisha navaa mtandio wangu. Robo saa. Siku ya dua ndefu, dakika arubaini. Na nyuma ya mbao ile ile, shibiri mbili tu, ndipo tulipokisogeza kipimo.

Leo msumari ulikuwa mtupu. Mtandio uko kichwani, na vibanio viko chini ya kidevu changu. Vidude vinavyoshikana vyenyewe. Sumaku! Mimi, mwenye tangazo, mvua watu mikanda!

Na kwa nini leo sikuutundika? Kwa sababu leo sisali. Kwa sababu zile siku sita ni siku zangu. Profesa Otto alikuwa amezichora, amezitia rangi, amezitabiria tarehe, na nchi kumi zikapiga makofi.

Niwaambie kweli, shetani alikaa karibu nami. Akanong'ona: nyamaza. Kituo kinabaki, kazi ninayo, mama anatembea Chukwani kifua mbele. Vibanio nivitupe chooni, nani atajua? Nilimtazama Dokta Haji na tai yake iliyolowa, nikatamani sana kunyamaza. Lakini Profesa alikuwa ameshaanza kuandika waraka wake hapo hapo, tunasikia vidole. Nikawaza, mwakani watakuja vijana wa shahada kutoka ng'ambo, na mashine zao na mikoba yao, kuchunguza hedhi yangu. Hilo ndilo lililonifungua mdomo.

Nikamwinamia Dokta, nikamnong'oneza kwa stara. "Dokta, mwambie si mwezi wa juu. Ni mie. Mie ndo niliyemo mwezini."

Dokta Haji ni mtu wa heshima zake. Masikio yalimwiva. Hakuweza kunitazama, na hakuweza kulitamka jambo lenyewe mbele za watu, basi akaona salama yake ni kutafsiri neno kwa neno. Akakaza koti, akasogea kwenye kipaza sauti, akasema kwa Kiingereza chake kilichonyooka kwamba, Profesa, Bi Zuhura anaarifu kuwa kwa sasa yeye yuko juu ya mwezi.

Uso wa Profesa ukasogea mpaka ukajaa kioo.

"Samahani?" akasema Profesa.

"Juu ya mwezi," Dokta akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

Profesa akavua miwani. "Tangu lini?"

Dokta akanigeukia bila ya kunitazama. "Anauliza tokea lini."

"Tokea asubuhi," nikajibu. (Kwa nini nilijibu? Nani alinituma?)

"Tangu asubuhi," Dokta akaziambia nchi kumi. "Na hukaa siku sita." Hapo ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Akakaa chini.

Aliyeniokoa ni Dada Nurul. Akawasha kipaza sauti chake, taratibu, kama mtu anayekiri kosa.

"Profesa, mwanamke wa Kiislamu akiwa katika siku zake hasali. Nadhani Zuhura akitaka kusali huvua mtandio, na nadhani mtandio wake una vibanio vya sumaku." Akagusa kidevu chake tena. "Wangu pia unavyo. Mimi huutundika kwenye mlango wa chumba cha kipimo."

Kila kituo kina mwezi wake. Profesa aliyasema mwenyewe!

Sikusubiri kuambiwa. Nikashika mtandio kwa mkono mmoja usinianguke, nikavitoa vibanio, nikavinatisha kwenye msumari. Mstari ukaruka mpaka juu ya kioo. Nikavitoa, ukashuka. Nikavirudisha, ukaruka. Nchi kumi zinatazama.

Nyuma yangu nikasikia sauti. Mzee Mcha amerudi kutoka msikitini, amesimama mbele ya mlango wa kipimo, analisoma tangazo langu kwa utulivu.

"Chuma… hakipiti… hapa." Akakohoa. "Bi Zuhura. Panga langu liko wapi?"

Profesa Otto akaifuta miwani yake, akaifuta tena. Nikajua tumefungwa. Nilikuwa nalia, sifichi, na si kwa aibu tu. Kile kichupa nimekilea miaka mitatu. Mwishowe akavaa miwani.

"Kifaa chenu," akasema, "kimesikia vidude viwili vya mtandio, kupita ukuta wa mbao na maganda manne. Kituo chenye masikio hayo sikifungi. Na aliyesema kweli wakati tunampigia makofi, nataka abaki hapo hapo."

Nikamshukuru Mungu kwa moyo wangu wote. Ningemshukuru zaidi kama kikao kingeishia hapo. Profesa akaongeza kwamba, ili kusafisha data zilizopita, anaomba Bi Zuhura na Bi Nurul wawaandikie wenzao wote tarehe zao za miezi miwili iliyopita. Kwa maandishi. Kwenye jedwali. Dokta Haji aliinuka akatoka nje, akasema anakwenda kutazama paa.

Nusu saa baadaye akatuma muhtasari kwenye kundi letu la kazini, na ulikuwa mstari mmoja: "Mtandao umenasa mtandio." Bi Time ameujibu kwa vikatuni vya kucheka ishirini na tatu. Kumbe hata yeye yumo kwenye kundi.

Nikarudi Chukwani nimejibanza ndani ya buibui. Nikamkuta mama barazani na majirani watatu, wamekaa wananisubiri kama msafara wa harusi.

"Haya, wamelipata giza?" akauliza mama, kwa sauti ya kusikika mpaka pwani.

"Wamelipata, mama."

"Alhamdulillahi! Lilikuwa wapi?"

"Kichwani kwangu."

Mama akawageukia majirani, wala hakushangaa. "Si nliwambia? Mie nlikuwa nshalijua tokea yungali mdogo."